Mwongozo wa Kutafuta Nyaya na Mabomba Yaliyofukiwa Ardhini Kabla ya Kuchimba

Hakuna kifaa cha upimaji kinacholiona bomba lililofukiwa. Kipokezi cha sumakuumeme hupima uga wa sumaku unaozunguka mkondo wa umeme, rada ya ardhini hupokea mwangwi wa mawimbi ya redio kutoka mahali ambapo udongo unakutana na kitu chenye sifa tofauti za umeme, na kifaa cha kusikilizia hunasa mtetemo unaosafiri ndani ya maji au katika ukuta wa bomba. Mpimaji ndiye anayevigeuza vipimo hivyo kuwa mstari wa rangi juu ya ardhi, na mstari huo hubaki kuwa makisio mpaka shimo lichimbwe na kitu chenyewe kionekane kwa macho.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao kazi yenyewe inapaswa kuufuata: nyaraka kwanza, kisha ukaguzi wa juu ya ardhi, kisha vifaa vya sumakuumeme na rada, na mwisho shimo la uhakiki. Viwango viwili vinavyorejelewa sana katika fani hii, ASCE 38 cha Marekani na PAS 128 cha Uingereza, vimejengwa juu ya mpangilio huohuo, kwani vyote hugawa taarifa za miundombinu ya ardhini katika madaraja manne kwa herufi D, C, B na A, kuanzia kumbukumbu za karatasi ambazo hazijahakikiwa hadi kitu kilichofunuliwa na kupimwa moja kwa moja.

Hatua ya 1: Nyaraka

Weka mipaka ya eneo litakalochimbwa, kisha ipanue kwa mita kadhaa kila upande, kwa sababu laini, yaani kebo au bomba, inayopita nje kidogo ya mpaka mara nyingi ndiyo inayotoa matawi yanayoingia ndani. Omba michoro kwa kila mwenye miundombinu: umeme, maji, majitaka, maji ya mvua, gesi, simu, mkongo wa mawasiliano, taa za barabarani na taa za kuongozea magari. Baadhi ya nchi zina kituo kimoja kinachopokea ombi na kuwaarifu wahusika wote. Marekani, kwa mfano, hutumia namba ya simu 811 kwa kazi hiyo. Hata pale penye utaratibu kama huo, laini za binafsi kwa kawaida hazimo. Kebo inayotoka kwenye mita kuelekea banda la nyuma, bomba la umwagiliaji wa bustani na waya wa geti la umeme havimo katika michoro ya shirika lolote, na mwenye kiwanja ndiye wa kuulizwa.

Michoro ikishapatikana, isomwe kwa tahadhari. Mchoraji mara nyingi aliunganisha chemba mbili kwa mstari ulionyooka, ilhali mafundi waliolaza kebo waliuzunguka mwamba au mzizi. Vipimo vya kutoka ukingo wa barabara havina maana tena ikiwa barabara ilipanuliwa baadaye, na kina kilichoandikwa siku ya ujenzi hubadilika pale ardhi inaposawazishwa au inapojazwa kifusi. Neno linalostahili shaka kuliko yote katika mchoro ni lile linalosema kwamba laini fulani haitumiki tena. Kebo ya namna hiyo ichukuliwe kuwa ina umeme, na bomba la gesi la namna hiyo lichukuliwe kuwa lina gesi, hadi mwenye nalo athibitishe vinginevyo mahali penyewe.

Hatua ya 2: Ukaguzi wa juu ya ardhi

Tembea eneo lote ukiwa na mchoro mkononi kabla ya kuwasha kifaa chochote. Tafuta mifuniko ya chemba, valvu, haidranti za zimamoto, mita, masanduku ya umeme na ya simu, nguzo ambazo kebo inashuka kando yake na kuingia ardhini, viraka virefu vya lami, na udongo uliodidimia kwa umbo la mtaro. Kila kimojawapo ni swali linalodai jibu: mfuniko wa valvu una maana kwamba kuna bomba, na taa ya barabarani isiyo na waya wa juu ina kebo inayoilisha kutoka chini. Kazi ya kutafuta haijaisha iwapo kimebaki hata kitu kimoja juu ya ardhi ambacho laini yake haijapatikana.

Fungua chemba zinazoruhusiwa kufunguliwa, kisha pima kina cha bomba kutoka kwenye ukingo wa mfuniko, andika kipenyo, malighafi na mwelekeo, na hesabu kebo zinazoingia na zinazotoka. Vipimo vyote hivyo vichukuliwe kutoka juu kwa fimbo ya kupimia. Chemba ya majitaka inaweza kuwa na gesi ya sulfidi ya hidrojeni au kukosa oksijeni ya kutosha, na kuingia ndani yake ni kazi ya watu wenye mafunzo, vifaa vya kupima hewa na msaidizi anayebaki juu. Pale ambapo mfuniko umefunikwa na lami au udongo, kitambuzi cha chuma cha kawaida huupata haraka kuliko vifaa vingine vyote vitakavyoelezwa hapa chini.

Hatua ya 3: Kusikiliza kilichopo

Kipokezi cha sumakuumeme hutumika kwanza peke yake, bila kitoa mawimbi. Kabla ya hapo, kijaribu juu ya laini ambayo mahali pake panajulikana kwa hakika, jambo linalochukua dakika chache tu na ambalo ndilo pekee linalokuonyesha kwamba kifaa kinafanya kazi siku hiyo.

Katika hali ya umeme, kipokezi husikiliza masafa ya gridi, yaani hezi 50 au 60 kutegemea nchi, pamoja na marudufu yake. Katika hali ya redio, husikiliza mawimbi ya masafa ya chini sana, katika kilohezi kumi na kitu hadi thelathini hivi, ambayo hutoka kwenye vituo vya redio vya mbali na kuingia katika vyuma virefu vilivyolala ardhini. Baadhi ya vifaa huongeza hali ya tatu kwa mabomba yenye kinga ya kutu ya kathodi, kwa kuwa mashine inayoyalisha mkondo huacha mawimbi ya hezi 100 au 120 juu yake.

Pita eneo lote kwa mistari sambamba, kisha rudia kwa mistari inayoikata ile ya kwanza kwa pembe mraba. Kipokezi kishikwe wima, karibu na ardhi, na bapa lake, yaani sehemu yake pana, likae sambamba na mwelekeo unaokwenda, kwa sababu laini inayokatwa kwa pembe mraba ndiyo inayosikika vizuri, na ile iliyo sambamba na mwendo wako inaweza kupitwa bila kujulikana. Kukipeperusha kipokezi huku na huku kama fyekeo, desturi ambayo wapimaji wengi wanayo, huharibu kipimo.

Ukimya katika hatua hii hauthibitishi chochote. Kebo ya taa za barabarani haina mkondo mchana taa zikiwa zimezimwa. Kebo ya nyaya tatu za fezi zenye mzigo uliolingana hutoa uga mdogo sana kwa sababu mikondo yake hubatilishana. Kebo ya mkondo mnyoofu kutoka kwenye paneli za jua haina hezi 50 wala 60 ya kusikilizwa. Inapowezekana, omba mzigo uwashwe wakati unapima.

Hatua ya 4: Kuipa laini mawimbi yako mwenyewe

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo tofauti kati ya mpimaji makini na mwenye haraka inapoonekana. Kitoa mawimbi hupeleka katika laini mkondo wa masafa unayoyachagua, na kipokezi huwekwa katika masafa hayohayo ili kiifuate laini hiyo peke yake. Njia za kuupeleka mkondo huo ni tatu, na ubora wake hauko sawa hata kidogo.

Iliyo bora ni kuunganisha moja kwa moja. Waya mmoja wa kitoa mawimbi hufungwa kwenye chuma cha laini, kwa mfano kwenye valvu au kwenye nguzo ya kupimia kinga ya kathodi, na wa pili hufungwa kwenye kigingi cha ethi, yaani cha kuunganisha umeme na ardhi, kilichopigwa ardhini. Kigingi hicho kiwekwe mbali kadiri waya unavyoruhusu, katika pembe mraba na mwelekeo unaodhani laini inaufuata, wala kisivukishwe juu ya laini nyingine. Kukifunga kwenye uzio wa chuma au kwenye bomba la maji la jirani ni kosa ambalo matokeo yake hayajitangazi: mkondo hurudi kupitia chuma hicho, na kipokezi kinaonyesha kwa uaminifu laini ambayo hukuwa unaitafuta. Udongo ukiwa mkavu, umwagilie maji kuzunguka kigingi, kisha angalia kipimo cha miliampea kwenye kitoa mawimbi, kwani mkondo ukipanda kazi yote inayofuata huwa nyepesi. Kitoa mawimbi kiwe kimezimwa wakati wa kufunga na kufungua waya. Kebo yenye umeme haiunganishwi kwa njia hii kamwe, na miundombinu ya umeme au ya gesi haiguswi ila na aliyeidhinishwa na mwenye nayo.

Njia ya pili ni kibano kinachozunguka kebo au bomba na kupandikiza mkondo bila kugusa shaba. Hufaa kwa kebo zilizofunikwa vizuri, ikiwa ni pamoja na zile zisizoweza kuzimwa, mradi anayekifunga awe na sifa ya kuzikaribia. Taya zake zifungwe kabisa, na kibano kikae upande wa kebo unaoelekea ardhini, baada ya mahali ambapo kebo imefungwa kwenye ethi. Laini isipokuwa na ethi katika ncha zote mbili, mkondo hauna njia ya kurudi na ishara hufifia mapema.

Njia ya tatu ni kukiweka kitoa mawimbi juu ya ardhi, juu ya laini inayodhaniwa, na kuiacha antena yake iambukize mkondo katika chuma chochote kilicho chini. Ni rahisi, na kwa sababu hiyo hutumiwa kupita kiasi. Mkondo huingia katika kila laini iliyo karibu bila kuchagua, na kipokezi kikikaribia hupokea mawimbi yanayopita hewani badala ya yale ya laini. Kaa angalau mita 10 hadi 15 kutoka kitoa mawimbi, na zaidi ikiwa nguvu yake imeongezwa. Njia hii ina sifa yake ya pekee katika kufagia eneo lisilojulikana: watu wawili hutembea sambamba, mmoja amebeba kitoa mawimbi na mwingine kipokezi, wakiwa wameachana kwa umbali huo, na laini yoyote ya chuma inayopita chini yao wote wawili huita.

Kuhusu masafa, kanuni ninayoipendekeza ni kuanza na ya chini kabisa yanayotoa ishara inayosomeka, na kupanda pale tu inapolazimu. Masafa ya chini, kama hezi 512 au 640, husafiri mbali na hayarukii laini za jirani kwa urahisi, lakini yanahitaji chuma kinachoendelea bila kukatika na ethi nzuri. Kilohezi 8 hufaa katika kazi nyingi za kawaida, na kilohezi 33 hutumika zaidi kwa njia ya kuambukiza. Masafa ya kilohezi 65 na kuendelea huweza kuvuka viungio vya mpira vya mabomba ya chuma na kuingia katika kebo fupi zisizo na ethi, ila huchoka baada ya mwendo mfupi na hutapakaa katika kila chuma kilicho karibu. Ishara ikikatika ghafla penye kiungio, pandisha masafa. Ishara ikionekana kila mahali, yashushe.

Hatua ya 5: Kupata mahali hasa, mwelekeo na kina

Uga wa sumaku huizunguka laini kama pete zinavyokizunguka kidole. Koili ya kipokezi iliyolala husikia kwa nguvu zaidi inapokuwa juu ya laini kabisa, na hicho huitwa kilele. Koili iliyosimama wima husikia kidogo kabisa mahali hapohapo, na hicho huitwa bonde. Tafuta kilele kwanza, zungusha kipokezi hapohapo ili upate mwelekeo ambao ishara ni kubwa kuliko yote, kisha hamia kwenye hali ya bonde na uweke alama ya pili. Alama mbili zikikutana, pete ni za mviringo na mahali panaaminika. Zikiachana kwa zaidi ya sentimita 15 hivi, uga umepotoshwa na laini nyingine, na kina kitakachosomwa hapo hakifai. Laini halisi katika hali hiyo huwa karibu zaidi na alama ya kilele kuliko ile ya bonde.

Nguvu ya ishara peke yake hudanganya, na hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwa nini. Uga unaotoka kwenye laini ndefu hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, kwa uwiano wa kinyume. Chukua laini unayoitafuta, iliyo kwenye kina cha mita 1.5 na yenye miliampea 20, na kando yake kebo ya kina cha mita 0.5 iliyoambukizwa miliampea 10 tu. Mkondo ukigawanywa kwa kina, ya kwanza inatoa 13 na ya pili 20, hivyo kipokezi kitashangilia zaidi juu ya kebo isiyohusika. Vifaa vinavyoonyesha kipimo cha mkondo huondoa athari ya kina, na laini yenye mkondo mkubwa zaidi ndiyo iliyofungwa kitoa mawimbi. Mkondo huo hupungua polepole ukiifuata laini. Ukishuka ghafla, kuna tawi au hitilafu mahali hapo, na tawi hilo litafutwe kabla ya kuendelea.

Kina kinachoandikwa kwenye kioo huhesabiwa kutoka chini ya kipokezi hadi katikati ya mkondo, ambapo kwa bomba ni katikati ya bomba. Bomba la kipenyo cha milimita 300 lina mgongo ulio sentimita 15 juu ya kipimo hicho, tofauti inayotosha kabisa kuleta ajali. Usipime kina karibu na kona wala karibu na tawi. Baada ya kukisoma, nyanyua kipokezi sentimita 30 kutoka ardhini na usome tena: kina kinapaswa kuongezeka kwa sentimita 30 zilezile, na kisipoongezeka hivyo kikataliwe. Uhakiki mwingine ni wa jiometri tupu. Kipokezi kikiwa katika hali ya bonde, kiinamishe kwa nyuzi 45, sogea kutoka kwenye laini kwa pembe mraba hadi bonde litokee tena, na umbali kati ya mahali hapo na mstari wa laini ni sawa na kina. Fanya hivyo pande zote mbili. Umbali usipolingana, uga umepotoka.

Hatua ya 6: Mabomba yasiyo ya chuma

Bomba la PVC, la polietilini, la saruji au la udongo wa kuchoma halibebi mkondo, kwa hiyo yote yaliyosemwa katika hatua tatu zilizotangulia hayalihusu. Hali ni hiyohiyo kwa mkongo wa mawasiliano usio na waya wala ganda la chuma. Uliza kwanza kama liliwekewa waya wa kufuatilia, yaani waya mwembamba unaolazwa sambamba na bomba ili litafutwe baadaye. Ncha zake hupatikana kwenye valvu au ndani ya chemba, na huunganishwa moja kwa moja kama laini yoyote ya chuma. Mara nyingi waya huo umekatika njiani, na mahali ulipokatika hujulikana kwa ishara kufa ghafla.

Bomba lenye mlango, kama la majitaka au njia tupu ya kebo, hutafutwa kwa sonde, ambayo ni kitoa mawimbi kidogo kinachosukumwa ndani kwa fimbo ndefu ya kunyumbulika. Katika bomba la chuma cha kalibu tumia sonde ya hezi 512, kwani masafa ya juu hayapenyi ukuta wake. Katika plastiki na udongo wa kuchoma, kilohezi 33 hufaa. Uga wa sonde una umbo tofauti na wa laini, hivyo kipokezi hugeuzwa ili bapa lake lifuate urefu wa bomba. Kuna kilele kikuu juu ya sonde, na vilele viwili vidogo vya uongo, kimoja mbele na kimoja nyuma. Hakikisha umevipata vyote vitatu kabla ya kuweka alama, na uweke ile ya katikati.

Bomba la maji la plastiki lenye presha linaweza pia kutafutwa kwa sauti: kifaa hufungwa kwenye haidranti au bomba la nje, huyapa maji mapigo ya mpangilio, na mpimaji huyafuata juu ya ardhi kwa maikrofoni. Njia hii hudai utulivu ambao barabara zenye magari mengi hazinao. Ama fimbo mbili za waya uliopindwa, ambazo bado huonekana mikononi mwa baadhi ya mafundi, hazina msingi wowote wa kifizikia na hazipaswi kuamua mahali pa kuchimba.

Hatua ya 7: Rada ya ardhini

Rada ndiyo inayokimbiliwa na wengi kama jibu la kila kitu, na ndiyo inayotegemea udongo kuliko vifaa vyote. Hutuma mapigo mafupi ya mawimbi ya redio, na kwa kutafuta mabomba antena hutumia kwa kawaida masafa ya kati ya megahezi 250 na 500 hivi. Masafa makubwa huonyesha vitu vidogo lakini hayafiki mbali. Katika mchanga mkavu rada huweza kufikia mita kadhaa. Katika udongo wa mfinyanzi uliolowa, au ardhi yenye chumvi, nguvu ya mawimbi humezwa upesi na rada huenda isifike hata mita 1.

Sukuma rada kwa mistari inayoikata laini inayodhaniwa, kisha kwa mistari ya upande mwingine. Kitu chembamba kirefu kinachokatwa kwa pembe mraba huchora kwenye kioo umbo la tao, ambalo kilele chake kiko juu ya kitu hicho. Tao moja halina maana kubwa, kwa kuwa jiwe pia huchora tao. Tao linalojirudia mahali palepale katika mistari mitatu au minne iliyofuatana ndilo linaloonyesha laini.

Kina cha rada ni zao la kasi uliyoiingiza, na kasi hiyo hutegemea pemitiviti ya udongo, yaani sifa ya umeme inayopunguza kasi ya mawimbi: sentimita 30 kwa nanosekunde katika hewa, zikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha pemitiviti. Udongo wenye pemitiviti ya 9 una kasi ya sentimita 10 kwa nanosekunde, na mwangwi uliorudi baada ya nanosekunde 20, kwenda na kurudi, umetoka kwenye kina cha mita 1. Mvua ikinyesha na pemitiviti ikapanda hadi 25, kasi hushuka hadi sentimita 6, na mwangwi wa nanosekunde 20 zilezile sasa una maana ya sentimita 60. Kwa sababu hiyo kasi isiachwe kama ilivyowekwa kiwandani. Ilinganishe na bomba ambalo kina chake umekipima ndani ya chemba, au utumie nyenzo ya programu inayolinganisha umbo la tao.

Hatua ya 8: Alama na shimo la uhakiki

Weka alama ya rangi kila baada ya mita chache, na kwa ukaribu zaidi penye kona na matawi, ukiandika aina ya laini na jinsi ilivyopatikana. Rangi hutofautiana kati ya nchi. Kwa mujibu wa mpangilio unaotumika Marekani, nyekundu ni umeme, njano ni gesi na mafuta, rangi ya chungwa ni mawasiliano, buluu ni maji ya kunywa, kijani ni majitaka na maji ya mvua, na nyeupe ni eneo litakalochimbwa. Laini inayoonekana katika michoro lakini haikupatikana kwa kifaa nayo ichorwe, kwa mstari wa nukta wenye maelezo hayo, badala ya kuachwa kana kwamba haipo.

Mashimo ya uhakiki huchimbwa mahali ambapo kazi itaivuka laini au itaikaribia sana, na mahali ambapo vipimo vilipingana. Umbali ambao ndani yake mashine hazitumiki huwekwa na kanuni za nchi. Nchini Uingereza mwongozo ni nusu mita kutoka kwenye laini, na katika majimbo mengi ya Marekani ni kati ya inchi 18 na 24. Ndani ya umbali huo chimba kwa mkono, ukitumia koleo lenye mpini uliokingwa dhidi ya umeme na usio na ncha kali, na uanze kando ya alama ili uikaribie laini kwa ubavu. Sululu na mtaimbo visitumike hapo, kwa kuwa nguvu yake haizuiliki ikishaachiliwa. Uchimbaji wa kufyonza, ambao hulegeza udongo kwa hewa au maji yenye presha na kuuvuta kwa bomba, ni salama zaidi na huacha shimo dogo, ingawa maji yenye presha kubwa mno huweza kuchana ganda la kebo.

Mkanda wa tahadhari ukitokea, punguza mwendo. Laini iko chini yake, ingawa si lazima iwe chini yake hasa, kwani mkanda husogea wakati wa kufukia. Mchanga mlaini katikati ya udongo wenye mawe pia ni ishara ya mtaro wa zamani. Laini ikishafunuliwa, hesabu unachokiona na ukilinganishe na ulichokuwa unakitarajia: ukitarajia kebo moja na ukakuta mbili, upimaji wa eneo hilo haujakamilika. Ukitarajia bomba na shimo likatoka tupu kwenye kina kilichokadiriwa, usihitimishe kwamba halipo. Panua shimo kwa pande na kwa kina, kwa sababu kosa la sentimita 40 katika uga uliopotoka si jambo la ajabu.

Pima kina hadi mgongo wa laini, kipenyo, malighafi na viwianishi vyake, na upige picha yenye rula ndani yake kabla ya kufukia. Rudisha mchanga mlaini kuizunguka laini kwanza, shindilia kwa tabaka, na ulaze mkanda mpya wa tahadhari pale wa zamani ulipokatwa. Vipimo hivyo vipelekwe kwa mwenye laini pamoja na tarehe na jina la njia iliyotumika, ili mchoro wake usahihishwe. Rangi ikifutwa na mvua au na magari kabla ya uchimbaji kumalizika, laini ipimwe upya kwa kifaa, na kazi ya mashine isimame mpaka alama zirudi.